Doa la jua kwenye godauni la kahawa Moshi: onyesho la siku tano, na ushauri kwa watakaoenda Machi

Wadau wa Moshi na Arusha, najua wengi mmeshaona zile picha za karai la maji lenye mwanga katikati ya giza, zimezunguka sana kwenye magrupu mwanzoni mwa mwezi huu wa kumi, na kila mtu anauliza ni wapi na je bado ipo. Haipo. Ilikaa siku tano ikafungwa, na wala siyo kwamba hela iliisha au mwenye godauni aliwafukuza, ni jua lenyewe lilikuwa limeshahama pale, nitaeleza huko chini maana hiyo ndo sehemu tamu na ndo sababu naandika marefu yote haya. Kwa mwenye haraka: chumba cha tatu ni cha kwenda hata kwa mguu kutoka Himo, chumba cha pili sawa tu, chumba cha kwanza bora wangeweka benchi na maji ya kunywa.

Mahali penyewe ni moja ya yale magodauni ya zamani ya kahawa upande wa reli. Kama hujui kwanini yamejazana kule, ni kwa sababu reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, kahawa inashuka kutoka mlimani inalala godauni, inapakiwa kwenye behewa inaenda pwani. Hili la kwenye onyesho halitumiki siku nyingi ila harufu ya magunia bado imo, ukiingia tu inakupiga puani. Bodaboda kutoka Mbuyuni hakuna aliyepajua kwa jina la onyesho, nikaishia kumwambia "nipeleke kwenye magodauni, ukiona watu wamesimama bila simu mkononi ushushe hapo", akacheka lakini kweli ndivyo tulivyopatambua.

Kiingilio mtu mzima buku tano, mwanafunzi buku mbili, mgeni wa nje elfu ishirini. Kulipa ni cash au lipa namba, na hapo kuna kichekesho maana unatakiwa ukabidhi simu KABLA ya kufika kwenye meza ya malipo, kwa hiyo foleni nzima watu wanarudi nyuma kudai simu walipe halafu wazirudishe tena. Sijui nani alipanga ile. Simu inaingia kwenye kifuko cha kitenge chenye namba, na kama umevaa saa ya mkononi nayo unavua. Kuna baba mmoja mbele yangu aligoma kabisa, akasema simu yake ina hela za watu za kikoba, dada wa mapokezi akamwambia "basi baba kaa nayo ila izime na usiitoe mfukoni", yakaisha. Nilipenda alivyolimaliza, angeweza kumjibu vibaya.

Chumba cha kwanza. Unavaa hedifoni unakaa chini kwenye mkeka, sauti inakwambia vuta pumzi, toa pumzi, sikiliza mwili wako, achana na jana, achana na kesho. Dakika kama kumi. Hedifoni nyingine chaji ilikuwa imekata, yangu ilikuwa inakoroma, na huyo msomaji anasoma kama anatangaza tanzia redioni, jina la marehemu na mahali msiba ulipo. Halafu ukiambiwa tulia ndo kwanza unaanza kukumbuka umeacha maharage jikoni. Sina ugomvi na meditesheni, kuna watu inawasaidia na nawajua, ila hapa ilikuwa maneno matupu yamewekwa mlangoni mwa kazi ambayo haikuyahitaji. Mdogo wangu alitoka baada ya dakika mbili, akanisubiri nje.

Chumba cha pili ni barafu. Mapande makubwa ya barafu, yale ya wauza samaki, yamepangwa duara juu ya meza za chuma zenye mteremko, maji yanadondoka kwenye madebe yaliyopinduliwa na kila debe linatoa mlio wake kwa sababu yametofautiana ukubwa. Ukikaa unasikia tone la huku, tone la kule, mara yanagongana, mara kimya. Maji yanakusanywa kwenye mifereji ya mabati yanaenda kumwagilia miche ya kahawa ukutani. Wazo la barafu na saa siyo jipya, msanii Olafur Eliasson alishapeleka mapande ya barafu kutoka Greenland mpaka Copenhagen 2014, Paris 2015 na London 2018, na Paris yalipangwa kumi na mbili kama uso wa saa, kwa hiyo msanii wetu hapa kaazima na angesema tu kaazima, hakuna aibu. Ila kuna kitu kile cha Paris hakina: sisi barafu yetu iko hapo juu, ukitoka mlangoni asubuhi kama mawingu hayajafunga unaiona kwa macho. Wameandika ukutani kwa mkaa kwamba kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro umepoteza kama asilimia 85 ya eneo lake la barafu. Basi, hawakuongeza neno, hakuna mahubiri ya mazingira, na hapo nawapa heko. Miche ya kahawa nayo nimeielewa, ukipanda leo unangoja miaka mitatu hivi ndo unachuma cha maana, kwa hiyo kitu kinachokwisha kwa siku moja kinanywesha kitu cha kusubiriwa miaka. Kasoro ni kwamba sakafu ilikuwa inateleza vibaya na hakukuwa hata na gunia la kukanyagia, nimeona bibi mmoja nusura aanguke.

Sasa chumba cha tatu, ambacho siyo chumba, ni godauni lenyewe zima.

Giza. Wameziba madirisha na nyufa zote. Juu kwenye bati kuna tundu moja dogo, pale msumari uling'oka zamani bati likachanika, na kutoka pale unashuka mwali mmoja wa jua mpaka sakafuni, kimo cha kama mita sita. Sakafuni wamepaka mstari wa chokaa, upana kama mita moja, kutoka ukuta wa magharibi mpaka wa mashariki. Pembeni magunia ya kukalia. Hiyo ndo instalesheni, hakuna kingine zaidi ya karai dogo la maji limewekwa chini ya tundu.

Unapewa chaki. Unaenda unakaa karibu na doa la jua, unachora duara kulizunguka, unaandika jina lako, unakaa. Hakuna anayekwambia vuta pumzi. Na aisee, lile doa linatembea UNALIONA. Siyo kwamba unageuka ukirudi limesogea, hapana, unalikazia macho na unaliona linatoka kwenye duara lako, upande mmoja unaanza kuliwa, dakika mbili tatu limeshatoka zima liko nje na duara lako limebaki na jina lako peke yake. Nilipiga hesabu nyumbani: kwa tundu la mita sita juu, karibu na saa sita mchana doa linakwenda kama sentimita mbili na nusu kwa dakika, na mida ya saa tatu asubuhi na kitu, jua likiwa bado pembeni, linakwenda mara mbili ya hapo. Kwa hiyo wanaoingia asubuhi wanaona doa refu refu la yai linakimbia, wanaoingia saa tano na nusu wanaona duara kamili linatambaa. Jua halijabadilisha mwendo, ni pembe tu, lakini ukiwa umekaa pale unaapa kwamba muda wenyewe umepunguza spidi.

Mdogo wangu, huyu aliyetoroka chumba cha kwanza, ndo alikuwa wa mwisho kutoka hapa. Akaja na swali zuri: tundu lina pembe pembe, limechanika hovyo, mbona doa ni la mviringo? Kijana mmoja wa pale (nadhani ni mwalimu wa fizikia anajitolea, alivyoeleza) akamwambia kile siyo kivuli cha tundu, ile ni picha ya jua lenyewe, tundu dogo linafanya kazi ya kamera, na vile vidoa vya mviringo unavyoviona chini ya mwembe mchana ni hivyo hivyo, majani yanaacha vitundu kila kitundu kinatupa jua lake. Tukakaa tukalingoja wingu. Likaja, na kweli tukaliona linapita juu ya doa, ila linapita kinyume, limetoka upande huu wakati nje limetokea upande ule. Watoto wa shule waliokuwepo walipiga kelele mpaka wakakumbushwa ni sehemu ya utulivu. Utulivu gani, waacheni watoto.

Halafu saa sita. Hapa ndo kuna ujanja wa kazi yote. Pembeni ya mstari wa chokaa wamechora alama za saa kwa jua: saa tatu, saa nne, saa tano, saa sita, na nafasi kati yake hazilingani kwa sababu ile ile ya pembe. Karai liko kwenye alama ya saa sita. Watu waliochungulia saa kabla ya kuingia wanajipigia hesabu kwamba sasa hivi inakaribia saa sita, wanasogea kwenye karai, doa bado liko nyuma huko sentimita hamsini. Wananong'ona kwamba jamaa kakosea vipimo. Hajakosea. Saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na ule mstari haugusi Tanzania kabisa, unapita Somalia, si mbali na Mogadishu. Moshi tuko kwenye nyuzi 37 na kidogo. Kila nyuzi ni dakika nne, kwa hiyo jua letu la utosini linafika kwa wastani nusu saa baada ya saa ya simu kusema sita kamili. Mwanzoni mwa Oktoba jua lina tabia ya kuwahi dakika kumi, ikabaki ishirini. Yaani saa sita na dakika ishirini ndo mchana wa kweli wa Moshi kwa siku zile, na hiyo ndo dakika doa lilifika katikati ya karai. Nimeishi mji huu tangu utoto sikuwahi kulijua hilo.

Likiingia kwenye maji mwanga unaruka kurudi juu kwenye mabati, pembeni kidogo ya tundu, unatetemeka. Lori likipita barabarani maji yanacheza na bati zima la juu linacheza. Inachukua kama dakika kumi doa kuvuka karai. Watu kama arobaini wamekaa kwenye magunia, wengine kwa kweli walikuwa wamesinzia, na hakuna aliyeongea, na hakuna aliyeambiwa asiongee.

Na kwanini siku tano? Kwa sababu Moshi iko kama nyuzi tatu na theluthi kusini mwa ikweta, jua linapita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba likielekea kusini na kati ya Machi likirudi. Siku hizo za jua la utosini doa la saa sita linahama kila siku kama sentimita nne, mwezi huu linaelekea upande wa mlima. Karai lina upana kama sentimita ishirini na tano. Piga hesabu mwenyewe. Siku ya tano doa lilikuwa linagusa ukingo tu, siku ya sita lingepita nje na onyesho lingekuwa la uongo. Wangeweza kulisogeza karai, nilimuuliza dada wa mapokezi akasema msanii alikataa, alisema karai likisogezwa itakuwa yeye ndo anaamua. Mi nilipenda jibu hilo kuliko hedifoni zote za chumba cha kwanza. Matangazo ya sanaa yanapenda sana kusema "kwa muda mfupi tu" ili ukimbilie tiketi, hapa ufupi ulikuwa na sababu unayoweza kuipima kwa rula.

Na kwa sababu lilikuwa linahama, zile duara za chaki za siku zilizotangulia zilibaki pembeni. Nilirudi na mama siku ya mwishomwisho na mstari mzima wa chokaa ulikuwa umejaa majina, safu ya juzi huku, ya jana hapa, ya leo inajiandika. Nikatafuta la kwangu, limekanyagwa nusu.

Mama alilalamika kwanza kwamba chokaa itamchafulia kanga, akakaa. Baada ya muda akaanza kumsimulia mama wa pembeni wasiyejuana kabisa kwamba kwao Kibosho walikuwa wanajua saa ya kwenda kukata majani ya ng'ombe kwa kivuli cha mgomba kikifika kwenye kizingiti, na kwamba kivuli kilikuwa kinahama mwezi kwa mwezi na bibi yake alikuwa anaweka mawe. Yule mwingine akasema kwao Mwika ilikuwa jiwe la kusagia. Wakaongea kwa sauti ya chini kama nusu saa, doa limeshafika mbali wao hawana habari. Upande wa pili kulikuwa na mzee aliyesema alikuwa mpakiaji humu humu, magunia ya kilo 60 mgongoni, akamwambia mdogo wangu, "Mwanangu, hilo tundu siyo la msanii, tumeliacha sisi. Likigonga nguzo ile pale, tunajua uji umeiva." Sasa kama ni kweli au mzee anajifurahisha mi sijui, ila nguzo ilikuwepo na alama za visu ubavuni zilikuwepo.

Hapo ndo naona waandaaji hawajajua wana nini mkononi. Maelezo ya ukutani yalikuwa mengi kwa Kiingereza, yanaongelea utulivu wa ndani na safari ya nafsi, Kiswahili kimewekwa chini kwa herufi ndogo. Kumbe waliokuja wengi ni watu wanaojua kungoja kuliko mtu yeyote. Tunangoja Noah ijae, tunangoja mnada, tunangoja daktari. Tofauti ya hapa ni kwamba kitu unachokingoja kiko mbele ya macho yako kinakuja, hakichelewi na hakiwahi, na huna wa kumlaumu. Wangemwita yule mzee akae pale alipwe posho aongee, wakatupa hedifoni.

Malalamiko mengine ya haraka. Choo kimoja kwa watu wote na maji hakuna, ndoo tu. Feni hakuna, ikifika saa saba bati linachoma na watu wanatoka wamelowa. Mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kupita chumba cha pili kabisa kwa ile mifereji, ingawa niliona wakimpitisha kijana mmoja mlango wa nyuma moja kwa moja mpaka kwenye doa, sasa kama mlango huo upo si wautangaze, hata mi ningepitia huko. Kurudishiwa simu ilikuwa vurugu, namba za vifuko ziliandikwa kwa peni ya wino ikafutika kwa jasho, nusura niondoke na simu ya mtu mwenye namba tisa yangu ikiwa sita. Na siku moja wingu lilifunga kuanzia saa tano mpaka saa nane, waliokuja siku hiyo walikaa gizani kuangalia giza, hela hawakurudishiwa ila walipewa karatasi ya kuingia kesho yake. Kwa aliyetoka Arusha na nauli yake hiyo karatasi haimsaidii.

Cha kusifia nje ya onyesho: yule muuza kahawa na kashata aliyeweka jiko lake mlangoni. Kahawa chungu kikombe kidogo, wazee wanacheza drafti pembeni, ukitoka kwenye giza na macho yanauma unakaa pale mpaka yakae sawa. Sidhani alikuwa sehemu ya sanaa ila alifanya kazi kuliko chumba cha kwanza.

Wanasema wanataka kurudia Machi. Kama ni kweli sikilizeni: jua litapita utosini Moshi kwenye tarehe 12 Machi hivi, na safari hiyo jua linachelewa badala ya kuwahi, kwa hiyo doa litaingia kwenye karai saa sita na dakika arobaini, siyo ishirini, msije mkaondoka mapema mkidhani mmelikosa. Mwezi huo masika inaanza kubisha hodi na mawingu ni mengi, kwa hiyo msinunue tiketi ya siku moja mapema, angalieni anga asubuhi ndo mtoke. Ingia saa nne na nusu kama unaweza, ruka hedifoni, pita chumba cha barafu ukiwa na viatu vya kushika chini, kaa upande wa magharibi wa mstari ili doa liwe linakuja kwako halafu linakupita. Beba chupa ya maji. Hela weka cash, buku tano tano, maana chenji hawana.